Mbwa wa Kota Asiwe Mzigo Wala Hatari



Mtu apitaye katika kota za askari wakati wa jioni, moshi wa masufuria unapopanda na watoto wanaporudi na jerikeni za maji, hakosi kuwaona mbwa. Mmoja amelala mlangoni pa sajini. Mwingine anamfuata mtoto wa koplo kila aendako. Wa tatu anazungukazunguka penye jaa la taka nyuma ya mesi, mbavu zake zikihesabika. Wale wawili wa kwanza wana wenyewe. Huyo wa tatu, ukiuliza habari zake, utaambiwa kwamba naye alikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe alipata uhamisho.

Twapenda leo kuzungumza nanyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, juu ya mbwa hao watatu, pamoja na paka wa nyumbani ambaye aghalabu hasemwi. Twajua kwamba mshahara una mambo mengi ya kuungojea: karo za watoto, wazee walioko nyumbani, sare, na deni la dukani. Kwa hiyo hatutawashauri kununua vyakula vya makopo wala dawa za bei kubwa. Tutaeleza jinsi askari wa kipato cha kawaida awezavyo kumtunza mnyama wake vizuri, na mahali ambapo kuepa gharama ndogo huleta hasara kubwa.

YALIYOTUKUTA KATIKA KOTA MOJA

Sisi wenyewe tuliwahi kukaa katika kota moja ambayo hatutaitaja jina. Jirani yetu alipata uhamisho wa ghafula. Lori lilikuja asubuhi, vitanda na masanduku vikapakiwa, na mbwa wake jike akaachwa amesimama barabarani. Hapakuwa na ubaya moyoni mwa yule bwana. Nafasi katika lori haikuwapo, na labda alidhani kwamba majirani wangemlisha. Lakini kila jirani alidhani kwamba mwenzake ndiye anayemlisha.

Baada ya wiki kadhaa yule mbwa alikuwa mifupa mitupu. Akazaa chini ya kalvati, watoto wa kota wakawa wanamtupia mawe, naye siku moja akamwuma msichana wa miaka sita kwenye shavu la mguu. Mama mtu akapaka jivu na majani, akafunga kitambaa. Ilikuwa siku ya tatu ndipo jirani mmoja mwenye ujuzi wa uuguzi aliposikia habari hiyo, akawahimiza wazazi kwenda hospitali bila kukawia. Dawa haikuwapo karibu. Baba wa mtoto alikopa nauli ya kwenda mjini, kisha akakopa tena na tena, kwa sababu sindano hizo hazichomwi siku moja tu.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini amri ilitoka kwamba mbwa wote wanaozurura wapigwe risasi. Alipigwa yule jike pamoja na watoto wake. Alipigwa pia mbwa wa koplo mmoja mzee, mbwa mpole aliyechanjwa kila mwaka, kwa sababu hakuwa na ukanda shingoni wa kumtambulisha. Koplo yule alimzika chini ya mwembe, akarudi kazini bila kusema neno. Tangu siku hiyo hatukuthubutu tena kusema kwamba habari za mbwa ni jambo dogo.

HESABU KABLA YA KUFUGA

Jambo la kwanza ni hesabu, nalo halina gharama. Mtu asichukue mtoto wa mbwa kwa sababu tu amepewa bure. Mbwa akitunzwa aweza kuishi miaka kumi na zaidi, na katika miaka hiyo askari huweza kuhamishwa mara kadhaa. Ajiulize: je, kuna mahali pa kumlaza? Nikiwa zamu usiku au nikipelekwa operesheni, ni nani atakayempa maji? Nikihamishwa, nitakwenda naye au nitamwachia nani?

Asiyeweza kujibu maswali hayo na asubiri. Na awezaye kujibu, afuge mbwa mmoja. Mbwa mmoja aliyeshiba na kuchanjwa hulinda nyumba kuliko watatu wenye njaa. Wako watu wanaoamini kwamba mbwa akinyimwa chakula huwa mkali. Hilo si kweli. Mbwa mwenye njaa huiacha nyumba usiku na kwenda kutafuta jalalani, na mwizi akimtupia kipande cha nyama amekwisha mnunua. Kadhalika wale wanaowalisha mbwa pilipili, nyigu au baruti ili wawe wakali, huwatesa bure. Ukali wa namna hiyo ni maumivu tu, na mbwa mwenye maumivu hachagui kati ya mwizi na mtoto wa nyumbani.

Mbwa wetu wa kienyeji, huyu wa rangi ya udongo na masikio yaliyosimama, hudharauliwa na wengi wanaotamani mbwa wakubwa wa kigeni. Lakini kwa mtu wa mshahara mdogo ndiye afaaye zaidi. Mwili wake si mkubwa, hivyo hali sana. Nywele zake ni fupi, hivyo kupe huonekana upesi. Na jua letu amelizoea tangu mababu zake.

CHAKULA CHA KILA SIKU

Chukua mbwa mzima wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15 hivi. Kwa siku moja humtosha kikombe kimoja cha unga wa mahindi, yaani gramu 150 takriban, ukipikwa ukaiva kabisa kuwa posho laini. Pamoja na konzi moja ya dagaa wakavu, ambao hapa kwetu twawaita mukene. Na juu yake supu ya mifupa au vipande vidogo vya matumbo yaliyochemshwa. Kwa mwezi mzima hiyo ni kama kilo nne na nusu za unga na kilo moja na kidogo ya dagaa. Kila mtu ajua bei za soko lake, basi na apige hesabu mwenyewe kabla mwezi haujaanza.

Dagaa waoshwe kwanza ili kuondoa mchanga na chumvi, kisha wapikwe pamoja na unga. Wasiachwe, maana posho peke yake hujaza tumbo bila kujenga mwili. Mbwa alaye posho tupu hunyong'onyea, manyoya yake hupoteza mng'ao, na vidonda vyake havifungi. Siku dagaa wanapokosekana, maharage yaliyoiva sana yaweza kusaidia, au yai moja. Mboga kidogo kama dodo au karoti, zikichanganywa, ni nzuri.

Mabaki ya mesini yanafaa, lakini yachaguliwe. Vitunguu na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Kwa hiyo mchuzi uliojaa vitunguu usimwagwe katika bakuli lao. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha na huweza kutoboa matumbo. Kokwa la ovakado likimezwa huziba njia ya chakula. Chokoleti ni sumu kwao, ingawa twadhani si askari wengi watakaoipata ya kumtupia mbwa.

Hatuna budi kukazia jambo moja: unga uliovunda. Wengi husema, unga huu hatuwezi kuula, basi apewe mbwa. La hasha! Kuvu wanaoota katika mahindi yenye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Ini la mbwa halina nguvu kuliko la binadamu. Sumu imwuayo bwana humwua na mbwa. Unga uliovunda utupwe mbali, wala si bakulini.

Mbwa mzima apewe chakula mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile, kama vile mesi ilivyo na saa zake. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne, kidogo kidogo. Jike anyonyeshaye huhitaji chakula mara mbili au hata zaidi ya kawaida yake. Na maji yawepo mchana kutwa. Jerikeni kuukuu iliyokatwa nusu, ikasuguliwa kila asubuhi, ni chombo kizuri cha maji ambacho hakina bei.

PAKA SI MBWA MDOGO

Paka katika kota ni askari wa ghala. Panya hutafuna unga, sabuni, hata sare iliyopigwa pasi tayari kwa gwaride. Lakini wako watu wanaomlisha paka posho na mchuzi tu, wakishangaa kwamba hafanikiwi. Mwili wa paka hauwezi kuishi bila nyama au samaki. Kuna kirutubishi kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki, ambacho paka akikikosa kwa muda mrefu huwa kipofu na moyo wake hudhoofika. Konzi ndogo ya dagaa waliochemshwa, au vichwa vya samaki vilivyopikwa, kila siku, ndicho chakula cha paka cha bei nafuu.

Paka wengine huwinda, na hilo hupunguza gharama. Lakini afugaye paka asitie sumu ya panya ndani ya nyumba. Panya aliyekula sumu hulegea, paka humkamata kwa urahisi, na sumu ile humwingia. Mtu achague moja kati ya mawili, paka au sumu. Vyote viwili havikai chini ya paa moja. Na wale walioko West Nile, ambako ugonjwa wa tauni umejulikana kwa miaka mingi, wajihadhari na kumshika paka mgonjwa aliyevimba shingo, kwa maana paka huweza kuupata ugonjwa huo kwa panya na kumwambukiza mtu.

MINYOO NA MATUMBO MABICHI

Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo au huipata katika maziwa ya mama yao. Tumbo lililovimba kama ngoma si dalili ya kushiba. Dawa ya minyoo yafaa ianze wakiwa na umri wa wiki mbili, irudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka waachishwe kunyonya, kisha kila miezi mitatu. Kipimo hutegemea uzito wa mnyama. Bwana mifugo ndiye wa kuulizwa. Minyoo hiyo huweza kuwaingia watoto wetu wachezao mchangani, kwa hiyo kinyesi cha mbwa kifukiwe kila siku na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Neno kwa ndugu zetu walioko Karamoja na sehemu nyingine za wafugaji. Katika maeneo hayo, na zaidi kwa majirani zetu wa Turkana nchini Kenya, kuna tegu mdogo sana akaaye ndani ya mbwa, ambaye mayai yake yakimwingia mtu huota mavimbe makubwa ya maji katika ini au mapafu. Mavimbe hayo huweza kuhitaji kupasuliwa. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe waliougua. Basi siku ya kuchinja kambini, mbwa wasitupiwe matumbo mabichi. Yachemshwe muda wa nusu saa au zaidi ndipo wapewe. Gharama yake ni kuni kidogo tu.

KUPE, VIROBOTO NA DAWA ZA KUJIFANYIA

Kupe hunyonya damu na huleta homa mbaya kwa mbwa. Dawa ya kwanza ni macho na vidole. Kila jioni mbwa akaguliwe kama bunduki ikaguliwavyo: masikio ndani na nje, shingoni, makwapani, katikati ya vidole vya miguu. Kupe ashikwe karibu na ngozi, kwa kibano au kwa vidole vilivyofunikwa na karatasi ya nailoni, avutwe taratibu bila kupinda, atiwe katika kopo lenye maji ya sabuni. Asipondwe kwa mikono mitupu. Wakati huohuo mtazame nyayo zake, maana funza huwashambulia mbwa pia.

Gunia la kulalia lianikwe juani kila wiki, na mahali alalapo pafagiliwe, kwa kuwa mayai ya viroboto huangukia huko. Mbwa aogeshwe kwa sabuni ya kawaida mara moja kwa mwezi au anapochafuka, kisha asuuzwe vizuri.

Lakini tunakataza kabisa mambo yafuatayo ambayo tumeyaona kwa macho yetu. Mbwa asipakwe mafuta ya taa wala oili chafu ya gari ili kuponya upele. Hizo huunguza ngozi, naye akijilamba humeza sumu. Asiogeshwe kwa dawa ya ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Paka ndiye dhaifu zaidi. Dawa nyingi za kupe zifaazo kwa mbwa humwua. Wala wanyama hawa wasipewe vidonge vya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumwua paka, na vidonge vingine vya maumivu huharibu tumbo na figo za mbwa. Mtu adhaniye kwamba ameokoa fedha za daktari kwa njia hiyo, kwa kawaida huishia kuchimba kaburi.

Mtoto wa mbwa akianza kutapika na kuharisha damu, huenda ni ugonjwa wa parvo, nao huua kwa siku chache. Njiani kwenda kwa daktari wa mifugo, anaweza kunyweshwa kidogo kidogo maji safi lita moja yaliyotiwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, endapo hatapiki kila tone. Hiyo si dawa ya ugonjwa wenyewe. Ni kumshikilia tu mpaka msaada ufike.

CHANJO NDIYO AKIBA KUBWA

Tumefika penye kiini cha makala yetu. Askari aweza kupunguza hiki na kile, lakini kitu kimoja hakipunguzwi: chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia kwa jeraha, hutembea polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kabla dalili hazijatokea, ingawa huweza kuwa wiki moja au mwaka. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hapana anayepona. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Takriban watu 99 katika kila 100 wanaoupata huambukizwa na mbwa, na kati ya kila waathiriwa 10, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba kinga yake imejulikana kwa zaidi ya karne moja. Tarehe 6 Julai, 1885, mtaalamu wa Kifaransa Louis Pasteur alianza kumdunga chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mbwa achanjwe afikapo umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na paka vivyo hivyo. Hata mtoto wa mbwa aliye mdogo zaidi asiachwe nyumbani siku ya kampeni. Ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo ya kuuliza siku na mahali pa chanjo. Linganisha gharama: mbwa huhitaji sindano moja kwa mwaka, mtu aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, pamoja na nauli, pamoja na siku za kazi zilizopotea, pamoja na usiku wa kukosa usingizi ambao hauna bei.

Wataalamu wamegundua kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukatika. Mfano hauko mbali. Katika kisiwa cha Pemba, Tanzania, chanjo ya mbwa ilipofanywa kisiwani kote kuanzia mwaka 2010, kichaa kilitoweka mwaka 2014. Chanjo ilipolegea, ugonjwa ukaletwa tena mwaka 2016. Watu wakarudi kuchanja, na mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili. Pemba inatufundisha mambo mawili: kwamba adui huyu hushindwa, na kwamba hurudi mlinzi akisinzia. Askari hahitaji kuelezwa zaidi.

Kambi ina nafasi nzuri kuliko mtaa wa kawaida. Ina lango, ina orodha ya nyumba, ina wakuu wa kota. Kama kila kota ikiandika idadi ya mbwa na paka wake, na kumwomba bwana mifugo aje siku moja badala ya kila mtu kwenda peke yake, kazi yote huweza kumalizika kati ya gwaride la asubuhi na chakula cha mchana. Kila mbwa aliyechanjwa afungwe ukanda shingoni, hata ukiwa wa kitambaa cha rangi moja iliyokubaliwa, na kadi yake ihifadhiwe. Laiti yule koplo mzee tuliyemtaja angalikuwa na kitambaa hicho, mbwa wake asingalizikwa chini ya mwembe.

MTU AKIUMWA

Kila nyumba ikariri amri hizi kama ikaririvyo namba ya jeshi ya baba.

Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha litiwe dawa ya kuua vijidudu kama iodini, ikiwapo. Lisipakwe jivu, majani, pilipili, mafuta wala jiwe la kunyonya sumu.

Pili, mtu aende hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na amalize sindano zote alizopangiwa. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tatu, mbwa asiuawe kwa hasira iwapo aweza kufungwa mahali salama bila kuhatarisha mtu. Afungwe, bwana mifugo aarifiwe, naye achunguzwe kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma, na daktari aweza kuamua juu ya sindano zilizobaki. Mbwa akifa au akiwa amekwisha uawa, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu; bwana mifugo aachiwe kazi hiyo.

Ndugu zetu wa polisi, ninyi ndio mara nyingi hufikiwa kwanza na habari za kuumwa. Mwananchi anapofika kituoni kumshtaki mwenye mbwa, mwulizeni kwanza kama ameosha jeraha na kama amekwenda hospitali. Mashtaka huweza kungoja mpaka kesho. Virusi havingoji.

UZAZI NA UHAMISHO

Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto watano, sita au zaidi. Aanzaye na jike mmoja bila mpango, kabla ya mwaka kwisha atakuwa na kikosi asichoweza kukilisha. Kufungwa uzazi hufanywa na daktari mara moja tu katika maisha ya mnyama, nako huondoa gharama za miaka mingi. Mtu asiyeweza kulipa kwa mara moja aweke kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, au majirani wachangizane kama wafanyavyo katika mambo mengine. Dume naye akihasiwa hupunguza kuzurura na kupigana.

Mwisho, uhamisho. Barua ya uhamisho huja bila hodi, lakini kuja kwake si ajabu kwa askari. Kwa hiyo tangu siku ya kumchukua mnyama, mwenye nyumba akubaliane na mtu mmoja, kwa jina, ambaye atampokea. Wakati ukifika, mnyama akabidhiwe pamoja na kadi ya chanjo, ukanda wake, bakuli lake, na unga wa wiki moja ili mpokeaji asianze kwa mzigo. Makabidhiano ya silaha huandikwa. Basi makabidhiano ya kiumbe chenye uhai yasiwe ya kumwacha barabarani.

MBWA WA FARAJA HUKO GULU

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mengi kwa ajili ya mbwa tu. Hao twawaomba watazame Gulu. Huko kaskazini, ambako vita viliacha majeraha yasiyoonekana, Francis Okello Oloya, aliyepofushwa utotoni na bomu lililofukiwa shambani, alianzisha mradi wa mbwa wa faraja. Mradi huo huwaunganisha watu walioumizwa rohoni na vita na mbwa wa kienyeji waliookolewa, waliotibiwa na kufundishwa. Mtu hujifunza kumlisha, kumsafisha na kumwelekeza mbwa wake, naye mbwa hukaa karibu naye. Hao si mbwa wa kununuliwa ng'ambo. Ni walewale wa rangi ya udongo, waliokuwa wakifukuzwa majalalani.

Askari wengi mwaelewa maana ya kurudi nyumbani usiku na kichwa kilichojaa mambo yasiyosemeka, na kumkuta mlangoni mmoja asiyeuliza swali. Kiumbe huyo haombi utajiri. Aomba kikombe cha unga, konzi ya dagaa, maji safi, jicho la kumwondolea kupe na sindano moja kwa mwaka. Na siku lori la uhamisho linapokuja, aomba asiachwe amesimama barabarani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi huu, kabla mshahara haujagawanywa wote, kila mwenye mbwa au paka na aitafute kadi yake ya chanjo, aitazame tarehe. Kama imepita, na aende.